Bunduki haipati nguvu kwa tiyo ndefu

Kutoka Likasi mpaka Kolwezi, mu kambi zote zinazopakana na pori, kuko mabishano ya zamani ambayo hayajaisha. Wawindaji wetu, na wengi wao ni watu wa mine ao watoto wa watu wa mine, wanasema: «Bunduki ya murefu njo inapiga mbali. Ukiongeza tiyo, umeongeza nguvu.» Wengine wanawajibu: «Kata kabisa, ikuwe mwepesi, kabuluku haina metre ya kukupimia.» Halafu wote wanaenda kugonga kwa fundi yule yule, mmoja na kipande cha tiyo cha kuongeza, mwingine na msumeno.

Msomaji atauliza: sendika inatafuta nini mu mambo ya bunduki? Jibu tunalitoa mapema. Tiyo ile inatoka ku kazi. Baruti, mara ingine, inatoka ku kazi. Na mkono unaopasuka kule pori ni mkono wa mfanyakazi, lakini ajali yake haihesabiwi kama ajali ya kazi. Caisse ya CNSS inasaidia mtu aliyeumia kazini ao njiani akienda kazini. Mtu aliyepoteza vidole viwili saa nane ya usiku nyuma ya kabuluku, hakuna karatasi yake itakayopokelewa pale. Tumesindikiza familia za namna hiyo mpaka dirishani na tumerudi nazo mikono mitupu. Na kwa hili hatuwezi kumlaumu karani: sheria inasema hivyo.

Basi tulipime hilo neno la urefu, tulipime sawa watu wa kazi, si sawa watu wa nganda.

Tundu la mine na mtutu ni ndugu

Kila mtu aliyefanya kazi ya kutoboa na kulipua anajua jambo hili. Ukitoboa tundu, ukatia baruti, kisha ukakosa kufunga mdomo wa tundu vizuri na udongo, jiwe halitapasuka. Gazi yote inatokea mdomoni na kelele kubwa, vijiwe vinaruka kama masasi, na jiwe lenyewe linabaki pale linakucheka. Wakubwa wa kazi, kwa Kifaransa chao, wanasema tundu «limefanya kanoni». Hawakukosea. Bunduki ni tundu la mine ambalo watu walilitengeneza kusudi lifanye kanoni.

Ndani ya mtutu baruti haipasuki kwa mara moja. Inaungua. Inaungua upesi sana, lakini inaungua, na inatoa gazi ya moto. Gazi inataka nafasi. Nyuma kuko ukuta wa chuma, pembeni kuko chuma, mbele kuko lisasi, na lisasi peke yake njo inaweza kusogea. Basi gazi inaisukuma. Muda wote lisasi iko ndani na gazi iko na nguvu kushinda msuguano, mwendo unaongezeka. Lisasi ikisha kutoka, gazi inatawanyika hewani na kusukuma kumeisha. Hapo wenye kupenda mtutu mrefu wako na haki: urefu unaipa gazi muda zaidi wa kusukuma.

Lakini haki yao ni nusu. Nguvu ya gazi haiko sawasawa kutoka nyuma mpaka mdomoni. Inapanda ghafula wakati lisasi imetembea santimetre chache tu, inafika juu kabisa, kisha inaanza kuanguka, juu kila santimetre ambayo lisasi inasogea inaongeza nafasi nyuma yake, na gazi ile ile inabidi kujaza nafasi kubwa zaidi. Ni sawa na kompresere iliyozimwa na hewa ikabaki ndani. Ukifungua robine, marto inapiga kwa nguvu mwanzoni, kisha inalegea, kisha inahema tu. Santimetre za mwisho za mtutu zinaishi na ile hewa ya kuhema.

Tutoe hesabu. Bunduki ya kuwindia ya kalibri .30-06, yenye mtutu wa santimetre 60, inatupa lisasi ya gramu 11,7 kwa mwendo wa karibu metre 820 kwa segonde. Ukikata santimetre 10, unapoteza karibu metre 30 kwa segonde. Kutoka 820 mpaka 790. Nguvu ya kupiga inapungua karibu sehemu 7 juu ya 100. Nyama iliyosimama metre 80 mbele yako, ikipigwa fashi nzuri, haitajua kama ulikata ao hukukata. Na ukiongeza santimetre 10 juu ya zile 60, faida unayopata ni ndogo kuliko hasara tuliyosema, juu gazi imekwisha kuchoka zaidi.

Bunduki ndogo ya .22 inafundisha vizuri kushinda hiyo. Baruti yake ni kidogo sana. Mwendo wa lisasi unafika mwisho wake mu mtutu wa karibu santimetre 40. Ukirefusha zaidi ya hapo, gazi haina tena kitu cha kutoa, lakini chuma bado kinasugua lisasi, na mtutu unageuka kuwa freni. Hapo bunduki ndefu inaweza kupiga polepole kuliko fupi. Tunajua kuko wazee watakaosoma mustari huu na kutupa gazeti chini. Walichukue tena, tuendelee.

Kalibri 12 njo bunduki ya ruhusa ambayo mtu wetu anaweza kuota kununua siku moja. Baruti ya katushi zake inamaliza kuungua mapema, mbali na mdomo. Kati ya mtutu wa santimetre 66 na ule wa 76, tofauti ya mwendo mara nyingi haifiki metre 10 kwa segonde, na hapo mwendo wenyewe uko karibu metre 400. Ni kitu bule. Lakini yule anayeikata kalibri 12 na msumeno anapoteza kitu kingine ambacho hakukifikiria. Mu mitutu mingi ya kalibri 12, santimetre za mwisho zimebanwa kidogo, hata milimetre moja tu kwa ile iliyobanwa sana, na mbano huo njo unashikisha vipande vya lisasi pamoja ili visitawanyike. Mtu akikata mtutu kutoka santimetre 71 mpaka 50, mwendo unapungua metre 15 ao 25 tu kwa segonde, lakini mbano umekwenda na kipande kilichoanguka chini. Kanga ya metre 35 atairushia wavu wenye matundu. Na polisi akimkuta na bunduki iliyokatwa hatamuita muwindaji, atamuita jina lingine.

Wazee walitoa wapi wazo la urefu

Hawakuliota. Bunduki za kwanza ambazo babu zetu waliziona zilikuwa ndefu kweli. M'siri, ambaye asili yake ni upande wa Unyamwezi, mu Tanzania ya leo, alijenga utawala wake kule Bunkeya juu ya shaba, pembe za tembo, na gobori za kuingiza baruti kwa mdomo. Jina la Bayeke lenyewe ni jina la wawindaji wa tembo. Mpaka siku watu wa kapteni Stairs walipomuua M'siri, tarehe 20 Desemba 1891, bunduki ya Katanga ilikuwa gobori. Nyingi za gobori za biashara zilifuliwa Liège, mu Ubelgiji, na mitutu ya namna hiyo mara nyingi ilikaribia metre moja ao kuipita.

Urefu ule ulikuwa na sababu. Baruti nyeusi ya zamani ni baruti chafu: ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki moshi mzito na majivu, na sehemu inayobaki njo inakuwa gazi ya kusukuma. Ili ukusanye nguvu yote iliyomo ulihitaji njia ndefu. Tena bunduki za namna ile zilitoka kwa bunduki za waaskari wa Ulaya, na askari wale walitaka urefu kwa mambo ambayo hayahusu mwendo wa lisasi: kufunga kisu mbele kama mkuki, na kupiga juu ya bega la mwenzake aliyesimama mustari wa kwanza bila kumchoma uso.

Kisha, mu 1884, Mfaransa mmoja, Paul Vieille, alipata baruti isiyo na moshi, yenye kugeuka gazi karibu yote. Hapa tunaomba msomaji atulie, juu mfano huu unamaliza mabishano. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na bunduki ya Gras, ya mwaka 1874, mtutu wa santimetre 82, baruti nyeusi, mwendo wa metre 450 kwa segonde. Mu 1886 likachukua Lebel, mtutu wa santimetre 80, baruti mpya, lisasi nyembamba, na mwendo ukapita metre 600. Mtutu ulifupishwa santimetre 2, mwendo ukaongezeka kwa zaidi ya metre 150. Mwendo ulitoka mu baruti mpya na lisasi nyepesi, na chuma chenye kuweza kuzivumilia. Urefu haukufanya kazi ile.

Mbona sisi hapa tulibaki na wazo la zamani? Mu 1890, kule Bruxelles, serikali kubwa za dunia zilitia sahihi mkataba uliokataza kuingiza mu sehemu kubwa ya Afrika bunduki za kisasa na zile za mitutu yenye mistari ndani, isipokuwa kwa majeshi ya Leta na watu wachache wenye ruhusa. Gobori ya mtutu laini na baruti ya kawaida ziliweza kuuzwa, na masharti yake. Basi kwa muda mrefu mweusi aliyekuwa na bunduki alikuwa na ile ndefu ya polepole. Alijifunza bunduki kwa ile aliyoachiwa. Mwana akafundishwa na baba, na leo fundi wa pupu anarefusha tiyo sawa vile babu yake angetaka.

Nguvu iko karibu na jicho lako

Tuje sasa mu mambo yaliyotufanya tuandike.

Pupu, ile bunduki ya kufuliwa hapa kwetu, inatengenezwa na tiyo ya maji, ao tiyo ya hewa iliyookotwa mu vyuma vya kutupa, ao chuma cha usukani wa gari. Mtu wa mine anajua bari ni nini. Kompresere yetu inatuma hewa ya bari 6 ao 7 mu marto, na kila mmoja wetu amekwisha kuona tiyo ya hewa ikiachana na kupiga watu kama nyoka. Tiyo nyingi za maji zilitengenezwa kwa kazi ya bari 10, ao 16. Katushi ya kawaida ya kalibri 12 inaruhusiwa kufika bari 740. Ile .30-06 tuliyosema inaruhusiwa bari 4.050. Hizo hesabu hatuziweki kwa kupamba. Tiyo ya ukuta wa milimetre mbili na nusu, yenye mshono kwa urefu wote sawa suruali, ikipokea bari mia kadhaa, inavutwa kushinda vile chuma chake cha kawaida kinaweza kuvumilia. Ikivumilia mara ya kwanza, inatoka imepanuka kidogo sana, jicho haliwezi kuona. Mara ya kumi inafunguka.

Na inafunguka wapi? Tulisema nguvu ya gazi inafika juu kabisa mu santimetre za kwanza. Zile santimetre ziko nyuma, karibu na mkono unaoshika na shavu linalolenga. Ukiongeza tiyo mbele hukuongeza hata unene wa unywele pale nyuma. Ni sawa na kuweka mti mpya mu mdomo wa galeri wakati dari linapasuka ku mwisho ambako watu wanachimba. Wafanyakazi wetu hawawezi kufanya ujinga huo mu mine. Mu pori wanaufanya, juu hakuna mtu aliyewaeleza kuwa ni kitu kimoja.

Nyongeza yenyewe inaleta mabaya mawili. La kwanza ni pale tiyo mbili zilipokutana. Fundi anasude kwa nje vizuri, anasugua mpaka inang'aa, lakini ndani kunabaki kingo, ao tone la chuma, ao tundu moja ni pana kushinda lingine kiloko. Lisasi inafika pale na mwendo wake, inasita. Gazi nyuma yake haisite. Mtutu unavimba pale sawa nyoka aliyemeza panya, kisha unapasuka, na mkono wa kushoto wa muwindaji mara nyingi uko hapo hapo chini yake. La pili ni kwamba mwenye tiyo ndefu anaona lisasi yake haiendi mbali sawa alivyoahidiwa, anasema: «Murefu inataka chakula mingi», na anaongeza baruti. Sehemu ya baruti ile inatokea mdomoni bado inaungua, inafanya moto mkubwa usiku, watoto wanapiga makofi. Ile iliyobaki imepandisha nguvu nyuma, palepale penye mshono.

Hatuwatukani mafundi. Wengi wako na mikono mizuri kushinda ajusteri wa leo mwenye diploma. Tunamjua mmoja aliyefanya miaka 19 kwa kampuni ambayo hatutaitaja, akarudishwa nyumbani na barua ya mistari mitatu na bila hesabu yake ya mwisho. Anafua majembe, anafua masufuria, na mtu akileta tiyo na franga, anafua pupu. Tulimuuliza kama yeye mwenyewe anapiga zile bunduki. Alicheka akasema, «Miye? Niko na watoto.»

Baruti ya mine

Hapa tutasema kwa sauti. Kuko vijana wanaosema kuwa baruti ya kulipulia ni kali, basi kidogo yake mu bunduki itafanya kazi nzuri kushinda baruti nyeusi. Hapana. Baruti ya bunduki inaungua. Kile kitu cha mine hakiungui, kinalipuka kizima kwa mpigo mmoja. Mpigo ule unatembea ndani yake metre 3.000, 4.000, ao hata zaidi ya 5.000 kwa segonde kwa dinamiti kali, na unazaa bari makumi ya maelfu. Lisasi haipati wakati wa kuanza safari. Chuma cha nyuma kimekwisha kuwa vipande. Hakuna mtutu duniani, mfupi ao mrefu, wa pupu ao wa fabriki, unaoweza kushika kitu hicho. Kila mtu aliyeona jiwe la tani ngapi likifunguka mbele ya macho yake anajua, lakini mtu huyo huyo anasahau akiona kijiko kimoja tu cha unga.

Tena kutoa kitu cha kulipulia ku kazi si wizi wa kawaida. Ni mfanyakazi kufukuzwa siku hiyo hiyo kwa faute lourde, bila preavi, na kisha ni mahakama. Sendika itamtetea mtu mbele ya mambo mingi. Kwa hili hatutakuwa na neno la kusema.

Kabuluku ya metre 25

Tuseme urefu umeongeza kitu kweli. Tuseme pupu iliyokuwa inatupa lisasi metre 350 kwa segonde sasa inatupa metre 380. Mu pori letu la miombo, na ile majani ya kufika kifuani, muwindaji wa usiku na tochi yake kichwani anapigia wapi? Metre 20, metre 25. Lisasi ya 350 inafika metre 25 kwa sehemu 71 za elfu moja za segonde. Ile ya 380 inafika kwa sehemu 66. Faida yote ya tiyo ni sehemu tano za elfu moja za segonde. Kabuluku haijapata hata kugeuza sikio.

Kinachofanya pupu ikose nyama ya mbali ni kitu kingine kabisa. Lisasi yake ni ya duara ao ni kipande cha chuma, haijazi mtutu vizuri, gazi inapita pembeni yake bila kusukuma. Mtutu ni laini ndani, hauna ile mistari ya kuzungusha lisasi, basi lisasi inaenda inavyotaka. Kupita metre 50, kupiga ni bahati. Ongeza tiyo metre mbili ukitaka, bahati inabaki bahati. Wazee waliokuwa wawindaji wa kweli walijua hili bila hesabu yoyote: walitembea na upepo usoni, walikaribia mpaka waone jicho la nyama, na walirudi nyumbani bila kupiga kama hawakukaribia. Tunawasikia vijana wakisifu bunduki ya baba yao. Wangeuliza kwanza juu ya miguu yake.

Kitu kimoja chema cha mtutu mrefu tunakitaja ili tusipunje: unapeleka kelele mbali na sikio. Mlio wa bunduki unapita desibeli 140, na mtutu mfupi unauleta karibu na uso. Marto ya kutoboa iko hapo karibu 110, na masikio yetu imekwisha kuyala. Mtu wa mine asiyesikia tena ndege asubuhi hana sikio la kupoteza mu pori.

Na wale wenye bunduki za ruhusa, za fabriki, wasidhani maneno haya hayawahusu. Lisasi ya .30-06 iliyokosa nyama inaweza kwenda zaidi ya kilometre 3. Pori letu si tupu sawa zamani. Kuko watu wa makala, kuko wachimbaji wadogo wanaolala kwenye matundu yao, kuko bamama wanaookota uyoga msimu wa mvua.

Karatasi, na mfuko wa fedha

Sheria ya kuwinda ya nchi yetu ni ile namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982: bila ruhusa hakuna kuwinda. Mambo ya silaha iko chini ya ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na pupu ya kufua nyuma ya nyumba haina karatasi inayoweza kuifunika. Mu pariki za Upemba, iliyowekwa mu 1939, na Kundelungu, ya mu 1970, kukamatwa na bunduki ni jambo zito zaidi. Walinzi wa kule na wawindaji wanapigana masasi, na pande zote kuko watoto wanaobaki yatima.

Tunajua jibu la nyumbani: «Sheria haipikiwi bukari.» Mshahara ukichelewa miezi miwili, ao kontrati ya su-tretansi ikikatwa katikati ya mwezi, nyama ya pori njo mboga, njo masomo ya watoto, njo dawa. Ndiyo maana hatuwezi kumaliza jambo hili kwa kugombeza wawindaji. Mu mazungumzo yajayo na waajiri, wadelege wetu watabeba mambo mawili pamoja: mshahara ulipwe siku yake, hata kwa watu wa su-tretansi, na tiyo za kutupa zikatwe vipande vifupi na kuandikwa mu kitabu mbele ya kutoka mu atelie. Waajiri wanapenda lile la pili peke yake. Tutawapa yote mawili ao hakuna.

Linabaki jambo la nyumba, na hili tunawaambia hasa bamama. Juu baruti ni bei, muwindaji akikosa nyama harudishi baruti mu chupa. Anarudi na pupu iliyojaa na kuisimamisha nyuma ya mlango. Mtoto anaikuta. Bunduki ya baruti nyeusi inayokaa nyumbani ihesabiwe kuwa imejaa, hata kama baba anaapa. Isiguswe kwenye kitu cha kupigia, isielekezwe kwa mtu, na mtu asichungulie mdomoni mwake. Inawekwa nje, mdomo ukiangalia fashi ambako hakuna mtu wala njia, na mtu mzima anasimama pembeni, uso na mwili mbali na mdomo ule, anamwaga maji ndani polepole mpaka ijae, na anaiacha hivyo usiku mzima. Baruti nyeusi iliyolowa haiungui. Kesho yake mtu mwenye kujua silaha njo aitoe lisasi. Kwa bunduki ya katushi maji hayasaidii kitu: hiyo inafunguliwa, katushi inatolewa, na katushi zinafungiwa fashi ingine, mbali na bunduki na mbali na mikono ya watoto.